Siku Niliyofupisha Maneno ya Mzee

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani katika shamba la Mzungu kule Mau Narok, na sikuwa na kitu nilichojivunia kuliko Kiingereza changu. Nilikipata shule ya misheni, nikakiongeza kwa magazeti makuukuu ambayo bwana alikuwa akiyatupa. Nikizungumza naye pale barazani, watu waliokuwa wakipita na vikapu vya maua ya pareto walisimama kusikiliza. Basi Hali ya Hatari ilipotangazwa, na maofisa wakaanza kupita shamba kwa shamba kuwahoji Wakikuyu, bwana aliniazima kwao kama vile walivyokuwa wakiazimana trekta.

"Huyu ni mtu wetu," akawaambia. "Mtumieni."

Mimi mwenyewe ni Mkikuyu. Watu waliokalishwa kwenye nyasi wakingoja zamu yao walikuwa majirani zangu. Nami niliingia kazini siku hiyo nimevaa viatu nilivyong'arisha asubuhi, nikiwa na furaha ambayo mpaka leo siwezi kuitolea sababu ya heshima.

Mahojiano yalifanywa ndani ya banda la kukaushia pareto. Palikuwa na meza moja, ofisa kijana ambaye hakunizidi umri kwa miaka mingi, na askari wawili mlangoni. Kiswahili cha ofisa kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, toka, kaa chini. Mengine yote yalipitia kwangu.

Siku ya pili akaletwa mzee aliyekuwa akisimamia maksai wa shamba. Nyumba yake na yetu zilitazamana. Baba yangu alipofariki, bwana alitaka niache shule niingie shambani kuchuma pareto. Mzee huyu ndiye aliyeenda kusimama mbele ya nyumba ya bwana, miguu mitupu kwenye umande wa Julai, akaomba niachwe nimalize masomo. Alirudi siku tatu mfululizo mpaka bwana akachoka naye. Kwa hivyo hata hicho Kiingereza nilichokuwa nikiringia, yeye ndiye aliyekiombea.

Aliponiona nimesimama kando ya meza, uso wake ulilegea. Alifikiri amepata bahati.

Ofisa akaniambia nimuulize kama amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Nikamuuliza kwa Kikuyu. Mzee hakujibu ndiyo wala la. Alijibu kama watu wa rika lake walivyojibu mambo mazito, kuanzia mwanzo.

"Nimekula kiapo mara moja maishani mwangu," alisema. "Ni ile kesi ya ndama. Wazee walileta beberu, tukaapa mbele yao, mimi na jirani yangu, kwamba hakuna aliyemwibia mwenzake. Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka, maana mama yako ndiye aliyewapikia wazee uji. Hiki cha siku hizi sijakiona na sijakitafuta. Mwambie hivyo, mwanangu. Mwambie vizuri."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya yule ndama.

Ofisa alikuwa akigonga meza kwa kalamu. "Maneno yote hayo ya nini? Nimeuliza swali dogo. Amekula au hajala?"

Nikaanza kueleza. Kwa Kikuyu kiapo cha kesi kilikuwa na jina lake, na kila mtu alijua ni kitu gani. Kwa Kiingereza changu kulikuwa na neno moja tu la kiapo. Nikatafuta neno la beberu, nikalikosa. Nikasema wazee, nikasema ndama, sentensi ikanikwama katikati. Ofisa akainua macho, akatabasamu kidogo.

"Nilidhani unajua Kiingereza," akasema.

Damu ikanipanda usoni. Nikasimama wima, nikajibu kwa lafudhi safi kabisa: "Yes, sir. He took the oath."

Akaandika. Akaniambia, "Good man." Mzee alinitazama, akanitikisia kichwa kunishukuru.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa, kwamba kama ningemtetea wangesema nami nimeapa. Hofu ilikuwepo, sikatai, lakini ilikuja baadaye, lori lilipoondoka naye kwenda kizuizini. Pale mezani sikuogopa. Niliona aibu kukwama mbele ya Mzungu, na ili aibu hiyo initoke nikamtoa mzee wa watu.

Alasiri hiyo mke wake alinifuata ofisini, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mwanangu, ulimweleza huyo bwana vizuri?"

"Nilimweleza, mama."

"Na ile habari ya ndama?"

"Yote, mama."

Akasema, basi watamrudisha. Wiki mbili baadaye yeye na binti zake walipakiwa kwenye lori jingine, na masufuria yao, wakapelekwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo binti hao hawakuwa wamewahi kufika. Shamba lao la viazi lililimwa na trekta, likaunganishwa na ngano ya bwana. Mimi nilipandishwa cheo. Nikahamia Nakuru, ofisi ya serikali, nikapewa chumba chenye sakafu ya saruji.

Mzee aliachiliwa kutoka kambi ya kizuizini mwishoni mwa miaka ya hamsini. Alinikuta nje ya ofisi saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hayapo, lakini mgongo haujapinda. Tulisalimiana kwa Kikuyu. Aliniambia mkewe alifariki huko rizavu, naye yuko safarini kwenda kuonyeshwa kaburi. Halafu akasema:

"Kule kambini vijana walitufundisha kusoma. Na Kiingereza kidogo. Nikajua kwamba 'yes' ni ndiyo."

Akaendelea:

"Siku ile mimi nilisema maneno mengi. Wewe ulisema 'yes', na mengine machache sana. Nimeyafikiria miaka yote hiyo. Yale yangu mengine yalienda wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na barabara nzima ilikuwa tupu.

"Kiingereza ni lugha fupi, baba," nikasema. "Maneno mengi yetu, kwao ni machache."

Akalitafakari hilo. "Kumbe," akasema. "Lugha fupi."

Nikamwambia kama ana barua yoyote ya serikali, ya kibali au ya kuomba ardhi, ailete nimwandikie. Akashukuru, akaenda. Kesho yake nilimwona nje ya posta, ameketi kwenye sanduku karibu na mwandishi wa barua mmoja asiyemjua, akimwelezea jambo taratibu, mikono yote miwili ikisema pamoja naye. Nilivuka barabara nikapita upande wa pili.

Sikumwona tena. Wajukuu wangu, ambao Kikuyu hawakijui, huniuliza habari za Hali ya Hatari kwa sababu wanaisoma shuleni. Huwasimulia juu ya malori na askari. Wao hunihurumia, nami huwaacha wanihurumie.