Shotigani Fupi kwa Mtu wa Mkono wa Kushoto

Mimi ni mfupi, na ni mtu wa mkono wa kushoto. Bibi aliyenilea kule Njombe alijaribu sana kunihamishia mkono wa kulia, akashindwa, na walimu waliofuata wakashindwa pia. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimiliki bunduki ya ajabu kidogo, ambayo watu wakiiona mara ya kwanza hudhani ni mashine ya kutobolea zege.

Tunaishi Madale, mimi na mume wangu, kwenye nyumba iliyokaa mteremkoni. Kabla ya hapo tulipanga Tabata miaka mingi. Mie nilikuwa nafundisha shule ya msingi, yeye alikuwa askari wa wanyamapori, na kwa kweli alikuwa porini zaidi kuliko nyumbani. Alipostaafu tukahamia kwenye kiwanja chetu wakati majirani bado wa kuhesabika na korongo la nyuma limejaa vichaka. Tulifuga kuku. Vicheche walikuwa wanatusumbua, nyoka nao hivyo hivyo, na mume wangu alikuwa na bunduki yake ya siku nyingi, ndefu, ya mitutu miwili, anayoimiliki kwa kibali. Sikuwahi kuigusa. Kwangu ilikuwa kitu chake, kama mashine yake ya kunyolea.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua upande wake wote wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Mtu aliyekuwa akipanda milima kufuata majangili akawa anahitaji mkono wangu kutoka kitandani hadi barazani. Alijifunza upya kushika kijiko, kwa mkono wa kushoto, na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wake. Tulicheka sana siku hizo. Nilimwambia, "Karibu kwenye chama chetu."

Wezi walipovunja nyumba ya jirani wa chini na kumjeruhi, mume wangu alianza kuliangalia lile kasha la chuma tunamofungia bunduki. Alikuwa anakaa analiangalia kutwa nzima. Siku moja akaninyooshea kidole.

"Wewe," akasema.

"Mie nini?"

"Wewe. Jifunze."

Nilidhani anatania. Lakini alirudia kesho yake, na keshokutwa, mpaka nikakubali ili apate usingizi.

Nilienda kujifunza Kigamboni, kwenye uwanja wa kulengea shabaha ulio mbali na makazi. Mkufunzi wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mzaramo, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza nilikwenda na bunduki ya mume wangu. Niliiweka begani, ncha ikaanza kuinama kama mti wa mhogo uliolemewa na mvua. Kitako kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu. Mkufunzi akaichukua taratibu, akanipa ya kwao, ile ya kukoki kwa kuvuta kishikio cha chini ya mtutu. Hiyo nikaiweza kidogo, ila kila nikifyatua na kukoki, ganda la risasi lilitokea upande wa kulia na kupita mbele ya uso wangu. Nikawa nafumba macho kabla ya kufyatua.

"Mama, wewe ni wa kushoto," akasema.

"Tangu kuzaliwa."

"Basi subiri. Kuna moja hapa watu wanaicheka. Nadhani ilikuwa inakusubiri wewe."

Akaleta shotigani fupi, nyeusi, nene, mbaya. Bunduki nyingine zina mashine zake mbele ya kitako. Hii mashine yake yote imeingizwa ndani ya kitako, nyuma ya mahali pa kuweka kidole, kwa hiyo mtutu ni wa urefu wa kawaida lakini bunduki yenyewe ni fupi. Chini ya mtutu kuna mirija miwili ya risasi badala ya mmoja, na kiswichi kidogo cha kuchagua risasi zitoke mrija upi. Inabeba risasi nyingi kuliko ile ndefu. Na ganda halitoki kulia wala kushoto. Linadondoka chini, nyuma ya mkono, kama kuku anavyotaga.

Nilipoiweka begani ilikaa. Sina neno jingine. Uzito wake uko nyuma, karibu na kifua, kama mtoto aliyebebwa vizuri. Nikafyatua bila kufumba macho. Nikamwangalia mkufunzi, naye akageukia pembeni ili nisione anavyotabasamu.

Sitaki kuisifia kupita kiasi. Ina tabia zake. Inapiga bega kwa hasira, na wiki za mwanzo nilikuwa nalala ubavu mmoja. Ukiijaza mirija yote miwili inakuwa nzito kweli. Kuijaza ni kazi, kwa sababu tundu la kuingizia risasi liko huko nyuma chini ya kwapa, na mtu mwenye vidole vifupi kama vyangu anahangaika. Halafu kwa kuwa ni fupi, mkono wa mbele unakaa karibu na mdomo wa mtutu. Mkufunzi alinisimamia hapo mpaka nikachoka kumsikia. Na haitaki kubembelezwa. Ukikoki nusu nusu, inakwama.

"Usiionee huruma, mama," alikuwa akiniambia. "Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho."

Jambo alilolisisitiza kuliko yote halikuhusu bunduki. Kabla sijafyatua ilibidi nimwambie kwa sauti kuna nini nyuma ya shabaha. "Tuta la udongo," nasema. Siku nyingine ananipeleka pembeni ambako nyuma kuna barabara. "Barabara," nasema. "Basi shusha," anajibu. Nilifundisha watoto kusoma kwa kurudia hivyo hivyo, kwa hiyo nilimwelewa.

Taratibu za kibali zilikwenda polepole, nikahojiwa, nikakaguliwa kasha langu, na mwishowe nikapata bunduki yangu ya aina ile. Ile ndefu tuliikabidhi polisi kihalali. Mume wangu aliishika ile fupi mapajani, akaigeuza, akasonya.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya lakini inanitosha."

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mama wa pwani aliyehamia kutoka Temeke, hakutaka hata kuisikia. Alikuwa rafiki yangu wa kila siku, tunakopeshana vitunguu, tunaangaliziana nyumba. Alipojua nina bunduki akawa anaishia getini. "Mwalimu, hilo dubwana lako likishalala nipigie simu, nije," alikuwa anasema. Nami nilimwelewa. Mie mwenyewe kuna siku nilipita mbele ya lile kasha nikajiuliza kama nimefanya jambo la akili. Nilikuwa namwomba Mungu nisilifungue milele isipokuwa kwa kuisafisha bunduki na kwenda nayo Kigamboni.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali baada ya mvua za masika. Maji ya bomba hayakuwa yametoka, kwa hiyo tuliita boza la maji. Geti likafunguliwa wazi, gari likaingia, dereva akashuka kuunganisha bomba lake na tenki letu. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake barazani. Baraza letu halina ukuta, ni sakafu iliyoinuka kidogo tu. Mie nilikuwa jikoni nachambua mchele.

Nikasikia dereva anapiga ukelele, na kufuatia huo sauti ya jirani yangu kutoka njiani: "Mwalimu! Mbwa ana kichaa! Mtoe baba!"

Nilichungulia dirishani. Mbwa wa rangi ya kahawia, ambaye sikumjua, alikuwa katikati ya uwanja. Mate yalikuwa yanamtiririka, miguu ya nyuma inamsaliti, kichwa amekiinamisha upande. Alikuwa amekwisha kumng'ata dereva mguuni, na dereva alikuwa amepanda juu ya boza akishika mguu wake. Sasa mbwa alikuwa anaelekea barazani, kwa mwendo wa kuyumba, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mume wangu hakuweza kusimama. Mlango wa mbele ulikuwa unafungukia pale pale alikokuwa anaelekea mbwa.

Sikumbuki kufika sebuleni kwenye kasha. Nakumbuka funguo shingoni, na mikono yangu ikifungua kasha na kuingiza risasi bila kuniuliza. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, ule mwembamba, nikapita kwenye kichochoro kati ya nyumba na mnara wa tenki. Kichochoro hicho kina ndoo, kina kamba za nguo, kina beseni la jirani ambalo sijamrudishia. Ningekuwa na bunduki ndefu ningeigonga kila mahali, au ningelazimika kuinyanyua juu na kuishusha nikishafika. Hii nilipita nayo ikiwa imebanwa kifuani, mtutu ukitazama chini, na nilipofika kwenye kona ilikuwa tayari begani. Nikakoki. Mpaka mwisho, na mpaka mwisho.

Mbwa alikuwa mbele yangu kabisa. Na nyuma yake palikuwa na geti lililo wazi, na getini alisimama jirani yangu na watu wengine waliokimbilia kelele.

"Watu," nikasema kwa sauti. Sijui nilikuwa namwambia nani. Nikashusha.

Mume wangu alinisikia. Aligeuza kichwa, akaniona pale konani, akaangalia getini, akaelewa yote kwa mara moja, kama zamani. Mbwa alikuwa ameshaweka miguu ya mbele kwenye sakafu ya baraza.

"Ngoja," mume wangu akaniambia.

Neno hilo lilitoka safi, bila kukwama. Alichukua fimbo yake ya kutembelea kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tuliufundisha kushika kijiko, akairusha. Haikumlenga mbwa. Ilipita juu yake ikaangukia kwenye rundo la mchanga uliobaki tangu tulipojenga banda, kule kwenye kona ya ukuta. Mbwa aligeuka, akaifuata kwa hasira, akaiuma ikiwa mchangani. Nyuma yake sasa kulikuwa na mchanga tu, na nyuma ya mchanga ukuta wa tofali.

"Haya," akasema.

Nikafyatua. Mbwa akalala. Nikakoki tena, ganda likadondoka karibu na kandambili yangu, nikabaki nimelenga mpaka nilipokuwa na hakika kwamba hatainuka. Ndipo nikatoa risasi zote, nikaacha bunduki wazi, nikaenda kukaa sakafuni karibu na kiti cha mume wangu. Aliweka mkono juu ya kichwa changu. Nilimhurumia yule mbwa pia. Hakuchagua ule ugonjwa.

Aliyeokoa maisha ya dereva hakuwa mimi. Alikuwa jirani yangu. Aliingia getini bila kuogopa chochote, akamteremsha yule kijana mtu mzima kutoka juu ya gari, akalifungua bomba la boza na kuanza kumwosha jeraha kwa sabuni ya mche. Akaosha, akaosha, dereva akilalamika kwamba imetosha.

"Haijatosha, mwanangu," akamwambia. "Mie nimezika mtu kwa ugonjwa huu. Tulia."

Kisha akampandisha bajaji na kwenda naye hospitali mwenyewe, akakaa naye mpaka akachomwa sindano, na akamsimamia kurudi kwa zile zilizofuata. Dereva alipona, hakuonyesha hata dalili. Bado anatuletea maji, na akishuka kwenye gari anaanza kwanza kusalimia: "Shikamoo baba, shikamoo mama," ndipo anashika bomba.

Nilipiga simu polisi mwenyewe kutoa taarifa kwamba nimefyatua risasi kwenye makazi. Walikuja, wakaangalia kibali, wakaangalia mchanga, wakazungumza na majirani. Mmoja wao, mtu wa makamo, alisimama pale konani nilipokuwa nimesimama mimi, akatazama getini, akatazama kwenye mchanga. Akaniambia tu, "Umefundishwa, mama." Siku niliyorudi Kigamboni nilimfikishia mkufunzi maneno hayo. Aliinamisha kichwa, akasema Alhamdulillah, akanipangia shabaha.

Nina mambo mengi ya kushukuru, na ninayashukuru bila mpangilio. Nashukuru kwa bunduki mbaya inayomfaa mtu mfupi. Nashukuru kwamba haijawahi kuelekezwa kwa binadamu, na naomba isielekezwe. Nashukuru kwa mume aliyenisukuma nijifunze, na kwa neno lile moja lililotoka safi. Daktari anasema maneno yake yanaweza kuendelea kurudi. Yamerudi mengi, na mengine sikuyahitaji.

Wiki chache baadaye, afisa mifugo wa kata alitafuta mahali pa kuchanjia mbwa wa mtaa wetu, na jirani yangu akamwambia, bila kuniuliza, kwamba uwanja wa mwalimu ni mkubwa. Jumamosi hiyo geti likaachwa wazi tena. Walikuja watu ambao hatukuwahi kusalimiana nao, na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, minyororo, mikanda ya suruali, mmoja amefungwa kwa kipande cha kanga. Mbwa walibweka, wenye mbwa wakapiga soga kivulini mwa boza lililotuletea maji asubuhi hiyo, na jirani yangu alipita na sinia la maandazi akigawa kana kwamba ni harusi. Aliingia hadi sebuleni kufuata kikombe, akapita mbele ya lile kasha, akatoka na kikombe chake.

Mume wangu aliomba kiti chake kisogezwe karibu na meza ya afisa. Kila mbwa aliyeshikwa kuchomwa sindano, yeye alimshika sikio kwa mkono wa kushoto, akamwambia taratibu, "Tulia. Tulia." Na wengi walitulia.