Mzima, Afande

Mume wangu alikuwa na kipande cha bomu kiunoni, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ya pili, baada ya kuuza nazi kule chini sokoni Kariakoo, ilikuwa kuwaeleza watu wa ofisini kwamba kipande hicho kipo. Nimechoka hata kusimulia. Lakini nikinyamaza watu wanadhani cheti chake cha matibabu tulipewa tu, kwamba tulienda dirishani tukaambiwa karibuni, chukueni.

Alikipata kwenye vita vya Uganda. Shida ni kwamba alirudi anatembea. Waliorudi wamebebwa waliandikwa palepale. Yeye alifungwa bendeji, akaendelea na wenzake, na hakuna aliyeandika chochote cha maana. Akatumikia jeshi mpaka akastaafu na usajini wake, tukahamia chumba kimoja Ilala, nyumba ya wapangaji wengi, choo uani. Huko ndiko chuma kilikoamka. Kwanza kiuno, halafu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Daktari aliyempiga picha alituonyesha kile kitu, kidogo kama punje ya mahindi, akasema kinasogea kuelekea uti wa mgongo. Kitolewe mapema, alisema, la sivyo mzee atakuja kukaa chini asiinuke tena.

Zamani ungeingia hospitali ukatibiwa bure. Lakini hizo zilikuwa enzi za ruksa. Madukani kila kitu kilikuwa kimerudi, sabuni za kunukia, redio kaseti, vitenge vya nje, mpaka unajiuliza vilikuwa vimefichwa wapi siku zote; na hospitalini nako kukaja neno jipya, kuchangia. Operesheni ile tungeichangia na nini, nazi? Tulibakiwa na njia moja. Askari aliyeumia vitani alitibiwa bure, ila awe na cheti cha bodi ya madaktari wa jeshi. Bila cheti hakuna operesheni, na bila operesheni hakuna miguu. Basi tukaanza kukitafuta cheti.

Ofisi ilikuwa mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ghorofani. Njoo kesho. Bosi yuko semina. Faili liko Dodoma. Faili limerudi, lakini mwenye ufunguo wa kabati amefiwa. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zote, shikamoo mzee, shikamoo mama, na ukishamjibu marahaba anakwambia hakuna kitu. Halafu jicho linashuka mpaka mikononi mwangu, kuona kama nimekuja na chai. Siku moja nikamwekea nazi dirishani, nikamwambia, "Mwanangu, chai sina, mkeo akapikie wali." Akacheka mpaka wenzake wakageuka. Nazi alizichukua, na wiki ile faili likaonekana.

Muda wote huo mume wangu hakulalamika hata neno. Kila tulipokuwa tunaenda ofisini alipiga pasi suruali yake mwenyewe, pasi ya mkaa, mstari ukasimama. Buti alizing'arisha akiwa amekaa kitandani. Kuzivaa ndiyo hakuweza, maana kuinama kulikuwa kumemshinda siku nyingi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepiga magoti na kumfunga kamba. Akishafungwa anasimama, anavuta pumzi, na ukikutana naye barabarani huwezi kujua. Ngazi za ile ofisi alizipanda bila kushika ukuta. Mimi nyuma yake naona shati linavyolowa mgongoni.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata sisi wawili hatukuwahi kulisema kwa mdomo. Godoro. Mume wangu alikuwa ameanza kulilowesha usingizini. Mara ya kwanza alijifanya amemwaga maji ya kunywa, na mimi nikajifanya nimeamini. Baada ya hapo nikawa naamka kabla ya wapangaji, nafua shuka, nalianika godoro nyuma ya nyumba upande wa ukuta, na yeye anatazama pembeni mpaka nimalize. Nikaenda mtaa wa Msimbazi kununua mpira wa kutandika chini ya shuka. Mama wa Kihindi mwenye duka akafurahi, "Umepata mjukuu, mama?" Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo kila nikipita ananiita, "Mjukuu hajambo?" Hajambo, nasema, anakua. Mwanangu wa mwisho alikuwa bado yuko sekondari, mjukuu angetoka wapi!

Hatimaye tukaitwa mbele ya bodi. Niliwaachia wenzangu meza yangu ya nazi, nikamsindikiza. Akaingia peke yake, mimi nikabaki kwenye benchi la nje na wake wengine. Hakukawia. Alitoka anatabasamu, uso umekunjuka kama siku aliyopandishwa cheo.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Vizuri sana. Wamenisifu. Wamesema wastaafu wengi wanajiachia, lakini mimi nimejitunza."

"Walikuuliza nini, baba watoto?"

"Meja aliniuliza, Sajini, hali yako? Nikamwambia, mzima, afande."

"Mzima?"

"Halafu wakaniambia nichuchumae niinuke. Nikachuchumaa, nikainuka."

Jamani! Mtu niliyemvalisha soksi asubuhi ile ile! Nilitaka kumpiga na mkoba wangu palepale kwenye ngazi. Tulipofika nyumbani alijitupa kifudifudi, akauma ncha ya kanga yangu ili wapangaji wasimsikie, na hakuinuka mpaka siku ya pili yake. Majibu yalipotoka yalisema ana afya njema na anaweza kazi yoyote.

Tuligombana kama hatujawahi kugombana. Nikamwambia, wewe ni mjinga, unataka nikubebe mgongoni uzeeni? Akaniacha nimalize. Kisha akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha kuruta. Jeshini, alisema, kila asubuhi kuna wanaojipanga kusema wanaumwa. Wapo wanaoumwa kweli na wapo wanaokwepa mazoezi, na hao jina lao ni wategaji. Mtegaji hana rafiki. Mtegaji akipita wenzake wanatema mate. Yeye tangu ukuruta wake hakujipanga kwenye ule mstari hata siku moja, na siku alipopigwa na kile chuma, afande alipita akiuliza nani mzima wa kuendelea, naye akajibu mzima, afande, akaendelea. "Sasa leo," akaniambia, "nikasimame mbele ya meja nianze kulia kiuno, kiuno?"

"Lakini kiuno si kinauma?"

"Kinauma."

"Basi si useme kinauma!"

"Sijui kusema," akanijibu. Na nilipomtazama niliona hanifanyii ubishi, kweli hajui. Nikaenda uani kufua.

Tukakata rufaa. Nisiwachoshe na yale ya njoo kesho, yalikuwa yale yale na nazi zilikuwa zile zile. Wakati huo mguu wa kushoto ulishaanza kuburuta. Kandambili ilimvuka njiani asijue, mpaka watoto wa jirani wamkimbilie nayo, "Babu, kiatu chako!" Usiku sikulala nikifikiri tutaishije naye akikaa chini moja kwa moja, chumba kimoja, choo uani, mimi sokoni kutwa. Nani angemwinua? Nani angemgeuza?

Siku ya bodi ya pili ilipokaribia nikaanza kumfundisha mimi sasa. Nikamwambia, safari hii pasi hakuna, buti hakuna, unaenda na kandambili na fimbo, na meja akikuuliza hali unasema mbaya. Hebu sema. Mbaya, akasema, kwa sauti ya mtoto aliyelazimishwa dawa. Tena. Mbaya. Nikaridhika. Asubuhi yake nikamkuta ameshawasha mkaa wa pasi.

"Siendi mbele ya afande na kandambili," alisema. Basi. Nikapiga magoti nikamfunga kamba za buti.

Joto lilikuwa kali siku hiyo na mlango wa chumba cha bodi waliuacha wazi nusu. Nilikaa benchi la karibu kabisa. Nikasikia buti zinagonga sakafu, mguu sawa, na sauti yake, "Jambo, afande!" Meja mwenyewe alikuwa mtu wa umri wa mdogo wetu, mtaani angemwamkia mume wangu shikamoo. Akauliza, "Sajini, hali yako?"

Nikaomba Mungu, nikasema moyoni, sema mbaya, mume wangu, sema.

"Mzima, afande."

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka nimo ndani, mkoba kifuani, madaktari wananitazama, na karani anasema mama toka nje, mama huruhusiwi. Nikasema, "Afande, samahani. Huyu anasema uongo."

Mume wangu hakugeuka. Alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka, macho kwenye ukuta juu ya kichwa cha meja.

Nikasema yote. Nikasema hizo buti nimemvalisha mimi, soksi nimemvalisha mimi. Nikasema mguu hausikii, kiatu kinavuka asijue. Meja alikuwa anasikiliza kwa heshima, lakini kalamu ilikuwa mezani, na nikaelewa kwamba hayo wanayasikia kila siku, kila anayekuja pale ana kiuno na ana mguu. Nikamtazama mume wangu mgongo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni kuingia kwenye kola aliyoipiga pasi. Nikasema, "Na anakojoa kitandani, afande. Usiku. Si kwa kutaka. Naanika godoro kila siku ya Mungu."

Meja akashika kalamu.

Akaniuliza tangu lini. Akaniuliza kama mchana pia anashindwa kujizuia. Nikajibu, kila swali nikajibu, juu ya mtu mzima aliyesimama hapo anasikia, mbele ya karani kijana, mlango wazi nusu. Meja akamnong'oneza mwenzake jambo la mishipa ya fahamu, akaomba ile picha, akaiinua dirishani kwenye mwanga. Aliposhusha mikono sauti yake ilikuwa nyingine. "Sajini," alisema, "keti." Ilikuwa amri, kwa hiyo mume wangu aliketi.

Cheti tukapewa. Mpaka leo wenzangu sokoni wananiambia nilikuwa na bahati.

Wakati wa kurudi tulikatisha Mnazi Mmoja. Palikuwa na askari wanafanya mazoezi ya gwaride, na bendi yao. Mume wangu kwa kawaida haipiti bendi ya jeshi. Husimama wima pembeni mpaka wimbo uishe, hata awe na haraka gani, na mimi humsonya, twende bwana, nazi zangu zinaibiwa. Siku hiyo alitafuta ukingo wa barabara akakaa, buti zake kwenye vumbi, akawapa mgongo. Nikasimama karibu naye. Nilitamani kumwambia inuka basi, simama, mimi nakungoja. Sikuweza. Iliniuma, siwezi kuficha, iliniuma kuliko miaka yote ya njoo kesho. Na kama ningerudishwa kwenye kile chumba leo ningesema vilevile, neno kwa neno.

Operesheni ilifanyika. Miguu ilibaki, anatembea na fimbo, anaenda msikitini mwenyewe na kurudi. Lile la usiku lilipungua, lakini halikuisha. Buti alimpa jirani mlinzi, bila kunieleza, na pasi ya mkaa nikaiuza.

Hakunisema kamwe kwa siku ile. Tunaongea, tunacheka, tunagombania redio kama watu wengine. Kitu kimoja tu. Akikaa barazani jioni na watu wanapita, "Shikamoo mzee, hali yako?", yeye huitikia marahaba, halafu hunyoosha fimbo kunielekea mimi nilipo na chungu changu. "Hali yangu muulizeni mama hapo," anasema. "Yeye ndiye anayeijua."

Watu wanacheka, wanadhani ni utani wa wazee. Wananigeukia, wanangoja jibu. Naye anangoja, anaangalia chini, fimbo imetulia.

"Mzima," nawajibu. "Mzima kabisa." Nawajibu hivyo kila siku, hata siku ambayo nimeamka kabla ya wapangaji na godoro bado liko nyuma ya nyumba linakauka.