Baridi Iliyochagua Masikio

Siku moja ya kipupwe naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa hapa hapa Kilolo, na ng'ombe wetu Neema alikuwa amelala bandani, hataki kusimama.

Mwanangu, Neema alikuwa na mimba. Sisi tulipewa na jirani, na mtamba wake wa kwanza, yaani ndama jike akishakua, tulishamwahidi Mama Tuli, mjane wa nyumba ya pili. Ndivyo tunavyopeana ng'ombe huku. Neema akifa, nyumba mbili zinakosa maziwa.

"Baridi imemwingia kwenye kwato," alisema baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. "Mwiteni mchinjaji wa Kihesa kabla hajakonda."

"Baba, nakuomba, tusubiri mpaka kesho."

Alinicheka. Nilikuwa mkwe mgeni, tena mbishi, na ubishi huo sijaupona hadi leo.

Nikaingia bandani nikampapasa Neema. Mwili ulikuwa wa moto, lakini masikio, ncha ya mkia na miguu kule chini vilikuwa baridi kabisa. Baridi gani hii inayochagua? Nikamwita daktari wa mifugo. Naye alimshika pale pale niliposhika mimi, kisha akaenda horini. Tulikuwa tunamdekeza Neema kwa majani yenye mbegu, maana kwetu ng'ombe mwenye mimba ndiye hupewa hayo. Daktari akapukuchua suke moja. Ndani mlikuwa na punje nyeusi, ndefu kuliko mbegu zenyewe.

"Hii ni kuvu, dada. Sumu yake inabana mishipa ya damu, damu haifiki masikioni, mkiani wala miguuni. Na baridi hii inazidisha."

Tukayachoma majani yote. Nikamtandikia makapi makavu, nikamkatia majani machanga. Ncha ya mkia ilikauka ikadondoka, lakini asubuhi moja nikamkuta Neema amesimama kwa miguu yake minne! Nililia bila aibu.

Akazaa jike. Ndama alipokua, aliyeshika kamba kumpeleka kwa Mama Tuli ni baba mkwe mwenyewe, akimtangazia kila mpita njia, "Mnamwona? Huyu kaokolewa na mkwe wangu!"

Basi mwanangu, mnyama hasemi panapomuuma. Mpapase kabla hujamwitia mchinjaji. Kata majani kabla hayajatoa mbegu, na ukague zaidi kile unachompa kwa mapenzi. Mungu aibariki mikono yako, na siku moja nawe ushike kamba, umpelekee jirani mtamba.