Kisa Nilichokizuia Hadi Kitabu Kitoke

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ndugu yangu alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Tulizaliwa wawili tu, mimi mkubwa, yeye mdogo. Nikisema neno nyumbani kwetu Mbooni, limesemwa. Naanzia hapo ili usifike mwisho ukadhani nilifanya niliyoyafanya kwa kutojua.

Ndugu yangu alikuwa mwalimu Tseikuru, kule juu Kitui ambako watu wanafuga zaidi kuliko wanavyolima. Alitoka chuoni na mchezo mmoja kichwani. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji: anasimulia kisa, anawaambia wenzake wako wapi na mbele yao kuna nini. Wengine, kila mmoja ni mtu ndani ya kisa hicho, na mwongozaji anawageukia kwa zamu na kuuliza, "Unafanya nini?" Hapo kila kitu kinasimama mpaka useme. Jambo likiwa gumu, bahati inaamua. Kwingine wanarusha dadu, lakini vijana wa kanisa letu walipoonekana na dadu, mchungaji aliuliza kama siku hizi wamehamia kamari. Ndugu yangu akaweka maharagwe kwenye mkebe, mekundu na meupe, unachota bila kuangalia. Mchungaji alikuja kuchunguza, akakaribishwa acheze, akawa wa mwisho kuondoka.

Akaandika kitabu cha kanuni chenye mito yetu ya mchanga na vilima vyetu. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mbumbuni, kwa hivyo nikaanzisha jarida dogo la kukisindikiza. Kila toleo lilikuwa na kisa kimoja kilicho tayari kuchezwa, maana kitabu cha kanuni bila kisa ni sufuria tupu, utaisifu lakini hutashiba.

Mara ya kwanza tuliharibu. Kisa changu kilitoka wiki tano kabla ya kitabu. Kilimwambia msomaji atazame kanuni ya visima, ukurasa wa arobaini, na ukurasa wenyewe ulikuwa bado kwa mpigachapa. Vikundi vya shule vikajitungia kanuni zao za visima, vikazizoea, na kitabu kilipofika vikakikataa. Kwao kitabu ndicho kilichokosea! Mwalimu mmoja alinipigia simu akanikaripia kama mtoto aliyechelewa gwaride la asubuhi. Nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo kisa na kitabu vitatoka siku moja, na hakuna kutanguliana.

Kitabu cha pili kilikuwa cha misafara ya mifugo. Ndugu yangu alikaa miaka akiwauliza wafanyabiashara wa ng'ombe na ngamia wa Tseikuru, Waislamu waliotoka kaskazini mashariki, mnyama aliyechoka anafanya nini na mwenye mnyama anafanya nini. Walimsahihisha bila huruma. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe. Akizijaribu kanuni zake mara moja tu, lazima abadilishe kitu. Mara mbili tulikiondoa kitabu kwa mpigachapa kwa sababu hiyo, na mara mbili nikawaomba wasomaji radhi. Tulipokipeleka mara ya tatu nikamwambia, "Sasa kimefungwa. Hukigusi tena."

Kisa cha kwenda nacho nilikiandika mimi, na nilikiandika kwa ajili yake. Katika ile miaka yote yeye ndiye aliyeongoza, kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua kanuni vizuri. Hakuwahi hata siku moja kukaa upande ule mwingine wa meza akaulizwa yeye.

Likizo ya Agosti alikuja nyumbani. Tulikuwa uani na mama, tunakula muthokoi wa mahindi na maharagwe, akanitazama kwa ile sura yake ya kuomba.

"Mhariri, nasikia kisa kimeisha."

"Kimeisha."

"Basi uniongoze kesho mchana. Mimi nicheze tu. Nataka kuwa mfugaji mmoja mjinga hivi, mwenye ngamia mmoja mkaidi."

Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi sikucheka.

"Wacha wewe! Ucheze kesho, halafu keshokutwa unipigie simu kwamba kanuni ya kiu ina kasoro? Utacheza kitabu kikitoka, kama watu wengine."

"Sibadilishi hata nukta. Haki ya Mungu."

"Nakujua."

Mama akasema si nimwache mtoto acheze. Mtoto mwenyewe alikuwa na mvi. Nikamwambia, "Mwaitu, hii ni kazi, si mchezo." Ndugu yangu akasema kwa upole, "Dada, ni mchezo," akaendelea kula. Hakufoka wala hakununa. Angenuna, pengine ningelainika.

Kitabu kilikuwa kitoke Septemba. Mashine ya mpigachapa ikaharibika. Oktoba karatasi zikakosekana. Kisa kikakaa kwenye droo ya duka langu, kurasa kumi na mbili, kimeshasahihishwa, hakina kazi ya kufanya. Ndugu yangu alipiga simu mara mbili kukiomba. Mara ya pili aliniambia kuna wenzake watatu pale shuleni walio tayari, mmoja wao ataongoza, nimtumie hata ile rasimu yenye makosa. Nikamwambia asubiri, tumebakiza kidogo. Nilikuwa na wateja dukani na sauti yangu haikuwa nzuri. Nikakata simu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akisema sentensi nzima.

Novemba presha ilimwangusha darasani, chaki mkononi. Kiharusi. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu unachosema, anacheka pale pa kucheka, lakini akifungua kinywa linatoka neno moja tu, "hapa." Akitaka chai ni hapa, na akiumwa ni hapa. Kuandika nako kumekwenda na maneno.

Kitabu kilitoka Januari. Jarida nikalitoa siku ile ile, saa ile ile. Vikundi vikaniandikia kwamba vimeanza kucheza jioni hiyo hiyo, kila ukurasa unaotajwa uko mahali pake. Nilijivuna. Lazima niseme ukweli, kwa muda mfupi nilijivuna kweli kweli. Kisha nikachukua nakala ya kila kimoja, nikapanda boda boda hadi Mbooni, ambako tulimrudisha kwa mama.

Nilimkuta sebuleni. Alishika kitabu, akakinusa, akapitisha kidole kwenye jina lake jaladani. Nikamwonyesha kisa. "Leo naongoza mimi," nikasema, "wewe unacheza tu." Macho yake! Mama akavuta kiti, naye akachota haragwe lake mkebeni ingawa hakujua la nini.

Nikasoma vizuri, nilikuwa nimejizoeza. "Jua limekuelemea. Ngamia wako amelala chini, hataki kuinuka. Mbele yako kuna kisima, na watu watatu wamekikalia. Unafanya nini?"

Nilimwona akipata jibu. Haki, nililiona likifika usoni. Lilikuwa jibu la ujanja, maana mdomo ulipinda kama anapotaka kunicheka.

"Hapa," akasema. Akajaribu tena kwa nguvu. "Hapa. Hapa."

Nikaanza kubahatisha. Unawasalimu? Akatikisa kichwa, hapana. Unamfungua ngamia mizigo? Hapana. Unadanganya kwamba ngamia ni mgonjwa? Alionyesha kwa mkono, kitu kirefu, kitu kinachozunguka, sikuelewa. Nikabahatisha mpaka ikawa mtihani, na kila nikikosea alizidi kuzama kitini. Mama aliinuka akaenda jikoni.

Nikafunga jarida. Nikamwambia, "Mwana wa mwaitu, nilipaswa kukupa Agosti."

Nilitaka atikise kichwa, kwamba haidhuru. Tangu utotoni amekuwa akinisamehe hata kabla sijamaliza kukosea, na nilikaa pale nikiungoja msamaha wangu kama mtu aliyeagiza chai.  Yeye akaitikia kwa kichwa, ndiyo, mara mbili, ili nisidhani nimeona vibaya.