Chapa Juu ya Alama ya Baba

Nyundo ndiyo iliyotangulia kufika. Mimi na mama tulikuwa tumeinama mpungani, mafuriko yamekwisha kurudi mtoni na kutuachia tope jeusi, tuliposikia kutoka msituni, ng'ambo ya nyumbani: ko. Kimya. Sauti ya mtu ikaita, nyingine ikaitikia. Halafu ko tena. Haikuwa shoka. Shoka hupiga mfululizo na mti hulia nalo. Hiki kilikuwa kishindo kimoja kimoja, kama mtu anayebisha mlangoni na kungoja aambiwe karibu.

Mama alinyooka, mkono kiunoni, akasikiliza.

"Wanaitana na kuitikiana," alisema. "Kuna watu wanashuhudishana miti."

Kwetu mtoni, mti wa mtumbwi haukatwi siku unapohitajiwa. Huchaguliwa ungali mwembamba, ukangojwa. Baba aliuchagua wake, mbambakofi ulionyooka kama mwali aliyetoka ndani, mwaka niliozaliwa mimi. Aliukata gome mara tatu kwa panga, akawaita majirani, akauliza kwa sauti kubwa, "Mti huu ni wa nani?" Wakajibu, "Ni wako." Akauliza mara tatu, wakajibu mara tatu, kisha wakala ndizi pale shinani. Tangu siku ile, aliyeugusa angeitwa mbele ya gasa, baraza la wazee wetu, na asingeweza kusema hakujua. Sheria yetu ilikuwa na sauti. Hata kipofu aliisikia.

Baba alikufa kwa homa kabla mti haujanenepa. Mama akaungoja peke yake. Mwaka huo wa nyundo, fundi wa mitumbwi alikuwa amekwisha kuuzungushia mikono, akasema mavuno yakiisha atauangusha. Na ilikuwa lazima, maana mtumbwi wetu wa zamani ulikuwa umeoza tumboni. Tuliuziba kwa matambara na utomvu, nao ukaendelea kunywa maji kama mgonjwa wa homa. Shamba lilikuwa ng'ambo. Asiye na mtumbwi hana ng'ambo, na asiye na ng'ambo hana mchele.

Basi tukavuka kwenda kuona.

Walikuwa wawili, askari wa msitu mwenye kaptura ya kaki na karani mwenye kitabu kikubwa. Askari alichubua gome kwa kishoka, akapiga mti kwa nyundo ambayo uso wake ulikuwa na herufi, kisha akaita nambari. Karani akairudia kwa sauti na kuiandika. Mmoja akaita, mmoja akaitikia. Sisi tuliosimama pale tulielewa mara moja, na tulielewa vibaya. Tulidhani serikali, baada ya miaka yote ile, imejifunza adabu yetu, na kwamba imekuja kushuhudia mti wa kila mtu.

Habari ilipita vibandani upesi kuliko moshi. Wanawake walikuja mbio wakimvuta askari mikono.

"Bwana askari, na wangu! Uko hapa nyuma, usiupite!"

"Anza na wangu, mimi mjane!"

"Mjane gani, mumeo si yule anayekoroma ndani?"

Karani alicheka hadi akajifuta machozi. "Leo kazi nyepesi," alimwambia mwenzake. "Miti yenyewe inajitaja."

Nilikuwa nimemaliza masomo ya misheni ya Golbanti, msichana wa pekee pale aliyejua kusoma, na mama akanisukuma mbele. "Muulize kama itabaki kitabuni."

Nikamwuliza. Karani akanitazama kwa upole. "Itabaki, dada. Kitabu cha serikali hakifutiki."

Nikaligeuza jibu lile kwa Kipokomo, kwa sauti, watu wote wasikie. Niliona fahari. Nimekwisha kusema uongo mwingi katika maisha yangu, lakini hakuna uongo wangu unaoniuma kama ukweli ule.

Mama mwenyewe aliwaongoza hadi kwenye mbambakofi. Askari alichubua gome juu ya mikato mitatu ya baba, akapiga. Ko. Mama akaleta mkungu wa ndizi mbivu, nao wakala pale shinani. Kwa kuwa walikula, hatukuuliza zaidi.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Alikuwa mfugaji wa Kiorma aliyezoea kunywesha mifugo yake kwenye bandari yetu, rafiki wa marehemu baba. Aliizunguka ile chapa, akaitomasa kwa ncha ya fimbo, akacheka bila furaha.

"Nyinyi watu wa mto nyinyi! Ng'ombe yangu iko na chapa. Chapa ya nani? Ya mwenye chuma. Sasa chuma hii ni ya nani?"

"Nenda na ng'ombe zako," mama alimjibu, "kabla hazijaumaliza mpunga wangu tena."

"Ng'ombe yangu ikikula mpunga yako, wewe unakuja, unanitukana, tunamaliza. Hii ikikula, utatukana nani?"

Mama alimrushia ganda la ndizi, na wote wakacheka. Nami nilicheka.

Mpunga ulipoanza kupinda vichwa, wakaja wapasua mbao. Walikuwa wageni, na misumeno yao ya watu wawili, na nyapara mwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia. Walifunga kamba kwenye mbambakofi wetu kabla ya mti mwingine wowote, kwa kuwa ulikuwa karibu na maji. Mama alifika akihema, jembe mkononi.

"Mti wa mume wangu huo."

"Una karatasi, mama?"

"Nina alama. Hiyo hapo, mikato mitatu."

"Naiona. Na hii ya juu yake naiona pia."

"Hiyo si nilikuwapo ikipigwa! Nimewaonyesha mimi mwenyewe!"

Nyapara aliwageukia wenzake, kisha akamgeukia mama. "Kumbe ni wewe uliyetufupishia kazi. Ahsante sana, mama."

Walicheka. Mama hakuwaelewa mara moja. Nilimwona akielewa pole pole, kama maji yanavyopanda ndani ya mtumbwi, kwanza vidole, kisha vifundo vya miguu. Tajiri wao alikuwa amepewa kibali cha kila mti wenye chapa, na sisi tulikuwa tumemkabidhi miti ya ukoo mzima, mmoja mmoja, kwa kelele na ndizi.

Nyapara hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wangenirahisishia kuandika. Aliikuna shingo yake, akasema, "Nitaanza na ile ya kule. Nendeni ofisi ya misitu Garsen, mkalete karatasi ya kuuzuia huu. Kesho jua likizama kama sijaona karatasi, nitaukata."

Wenzangu ninaokaa nao mjini siku hizi, watu wa vitabu na mijadala, hupenda kusema kwamba sheria za misitu za Mwingereza zilikuwa kali mno na sasa zirekebishwe. Nawakubalia. Lakini ukali sikuuona. Niliona sheria isiyosemwa, na hiyo haihitaji kuwa kali. Hata leo, bendera ikiwa ni yetu, nikisikia kwamba msitu fulani umepimwa upya, huuliza ni nani aliyesimama pale akalisema lile jambo kwa mdomo. Wenzangu hunicheka. Husema huo ni ushamba.

Tuliteremka mto alfajiri. Mimi nilishika upondo, mama alikaa katikati akichota maji kwa kibuyu na kuyamwaga nje, bila kupumzika. Tulifika Garsen jua limekwisha kukaza.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha udongo na bati, mlango wake umeachwa wazi hadi umegusa ukuta wa ndani. Aliyekuwa mezani ni karani yule yule. Alitukumbuka.

"Karibuni, karibuni. Ofisi hii haifungi mlango mbele ya raia."

Nilieleza yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama mganga aliyeletewa maiti.

"Dada, sheria ipo. Msitu ule sasa ni wa serikali. Kila mwenye dai alitakiwa kuleta pingamizi."

"Tuliambiwa wapi?"

"Tangazo lilibandikwa. Hapa hapa ofisini, mahali pa wazi, kama sheria inavyotaka."

Niliangalia kuta. Kulikuwa na kalenda, picha ya malkia, na ramani iliyoviringishwa na kuegemezwa pembeni.

"Mahali gani?"

"Bandiko ni bandiko," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na vumbi.

Na vumbi lenyewe likaja. Upepo ulivuma kutoka kivukoni, ukainua karatasi zake mezani, naye akaruka na kuusukuma mlango. Mlango ulipoondoka ukutani tukaiona karatasi mgongoni pake, imepigwa misumari midogo pembe zote nne. Ilikuwa safi. Haikuwa na alama ya kidole hata moja.

Ilikuwa kwa Kiingereza. Niliisoma nimesimama. Ilitaja mto wetu kutoka kona hii hadi kona ile, ikasema kwamba mtu yeyote mwenye haki ndani ya msitu huo aieleze kwa maandishi katika ofisi hii, kabla ya siku fulani. Siku hiyo ilikuwa imepita kabla nyundo haijasikika.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inauliza miti ni ya nani."

"Basi tujibu."

"Siku ya kujibu imepita, mama."

Aliushika mlango kwa mkono. Kisha akamwuliza karani, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mlango hii unafunga saa ngapi?"

"Jioni, kazi ikiisha."

"Kwa hivyo mwenye kusoma ni wewe tu. Ukijifungia ndani."

Karani aliona haya, hilo nalishuhudia. Aliinamisha macho kwenye kidau cha wino. "Mama, mimi niliambiwa bandika, nikabandika. Sikuambiwa wasome." Halafu akanivutia kiti na kuniwekea karatasi na kalamu. "Huyu binti anajua Kiingereza. Aandike ombi. Bwana akija nitamwonyesha."

"Anakuja lini?" niliuliza.

"Wiki ijayo. Barabara ikikauka."

Nilikaa. Ndiyo, nilikaa. Nilichovya kalamu nikaanza kuandika maneno mazuri niliyofundishwa, ya unyenyekevu na heshima, huku najua kwamba jua lilikuwa linakwenda magharibi na msumeno uko msituni. Mama alisimama nyuma yangu akitazama mistari ikizaliwa.

"Andika, mwanangu," alisema. "Wanapenda vilivyoandikwa. Mimi narudi kwa miguu. Mtumbwi nakuachia."

"Unarudi kufanya nini? Huna karatasi."

"Kuuona. Usije ukaanguka mbele ya wageni tu, kama kitu kisicho na wenyewe."

Alijifunga kanga upya, kwa nguvu. Hakumuaga karani. Upepo ulikuwa bado unavuma, na karani, akichunga karatasi zake, akaufunga mlango nyuma ya mama.