Majibu ya Mama Funguo Yalitupwa Pamoja na Uchafu

Saa mbili asubuhi foleni ya wagonjwa imeshafika mlangoni, na fundi wa kompyuta wa kliniki hii ameinama kwenye meza ya mapokezi. Anafungua viambatisho vya barua pepe kimoja kimoja. Nembo. Nembo tena. Faili lisilosomeka. Ndipo yanapotokea majibu ya damu ya mgonjwa aliyeketi benchi la mbele.

"Takataka hizi si ulishazimaliza?" anauliza mhudumu wa mapokezi.

Fundi anafungua barua inayofuata.

Kila barua kutoka maabara inayowapimia vipimo vikubwa huja na mizigo ambayo hakuna aliyeiomba. Mtumaji amebandika nembo kwenye saini yake, na programu yake hutuma kwa mtindo usioeleweka na kompyuta za hapa, basi kila kipande kinatua kama kiambatisho. Tatizo liko kwa mtumaji, na fundi aliligundua mapema. Aliwaandikia wabadilishe mpangilio. Wakampiga danadana mpaka akachoka.

Madaktari nao walimsakama, na mkataba wake, ambao malipo yake yanaishia kwenye kodi ya chumba na nauli, ulikuwa ukingoni. Akaweka kichujio: faili lolote dogo kutoka maabara litupwe kabla halijafika kwa msomaji.

"Nilisifiwa, bwana wee," anasema. "Daktari mkuu alinipa mkono mbele za watu. Mkataba ukaongezwa."

Kumbe majibu ya baadhi ya vipimo vya uvimbe hutumwa kama maandishi matupu, mistari michache tu. Faili lake ni dogo kuliko hata nembo.

Mama Funguo, mfagizi anayeshika funguo za vyumba vyote hapa, alikuwa amekatwa kipande cha nyama titini kikapelekwa kupimwa. Barua ya maabara kumhusu iliingia ikiwa na salamu na saini tu, mapokezi wakadhani majibu yanafuata. Kila alipouliza aliambiwa bado. Miezi ikapita. Walipowapigia simu maabara, wenzao walishangaa, maana walishatuma zamani.

Fundi aliyachimbua kwenye seva, kompyuta inayohifadhi barua zote, akayasoma. Ilikuwa saratani, na kufikia siku hiyo ilishaingia kwapani.

"Nilimfuata stoo nikamwambia, mama, aliyeyatupa ni mimi. Nilitegemea matusi. Akaniuliza kama nimekula."

Anageukia dirishani, anajifuta macho kwa kiganja.

Mama Funguo bado anafanya kazi, ingawa mkono mmoja umevimba na ndoo hainyanyui tena.

"Hasira ninayo, sikufichi," anasema. "Kuna siku nikimwona nageuza njia. Lakini yule ana watoto wadogo. Akifukuzwa, mimi nitapona?"

Kichujio kimeondolewa. Madaktari wameanza tena kulalamika na safari hii fundi anawaacha. Mwezi ujao atakwenda maabara kwa nauli yake, akae na mtumaji, arekebishe mpangilio kwa mkono wake.

Kabla ya hapo kuna barua anayoisubiri. Ni majibu ya kipimo kipya cha Mama Funguo, yatakayoonyesha kama dawa zinamsaidia.

"Nimemwambia yakija ayafungue yeye," anasema mama huyo. "Halafu aje anisomee, akinitazama usoni."

Fundi amekubali. Anaomba tu yawe mazuri.