Dawa ya Mzazi

Nilitoka Karatu kwa sababu ya simu ya mdogo wangu Paulina, aliyeolewa na Mmasai kijiji cha jirani na Wasso. "Dada, mtoto kakakamaa tena, macho yamegeuka. Daktari anahisi tumelishwa risasi, yale madini ya kwenye betri za magari. Anauliza nakunywa nini, maana mtoto ananyonya." Alikuwa anakunywa dawa ya mizizi, ile anayopewa kila mzazi akishajifungua apate nguvu na maziwa. Anayeiandaa ni mama mkwe wake. Sasa umwambie mkwe wako usoni kwamba dawa yake ni sumu? Thubutu! Ndiyo maana nikaitwa mimi.

Asubuhi, basi lipo ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Ukungu mzito, dereva kawasha taa, watalii wanapiga picha. Kila simu ikilia ndani ya basi naruka: Mungu wangu, mtoto kaenda.

Mchana tulishuka tambarare, vumbi mpaka kwenye meno. Mtandao ukakatika. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Jioni nikafika. Mtoto alikuwa hai, lakini kalegea mapajani kwa Paulina, hata kulia halii. Mama mkwe, ambaye wote tunamwita Yeyo, alinipa chai. Nilikishika kikombe tu, sikuthubutu kunywa.

"Yeyo, hiyo mizizi unaitoa wapi?"

"Nachimba mwenyewe, mlimani, mbali na barabara. Unaogopa dawa yetu, mwanangu?"

"Naogopa, Yeyo."

Akacheka. "Njoo uone."

Nyuma ya nyumba mizizi ilikuwa imelowekwa ndani ya boksi jeusi la plastiki ngumu, lenye vyumba vyumba. "Sufuria inaliwa na ukali wa mizizi," alisema kwa fahari. "Hili haliliwi, wala halivuji."

Maboksi hayo nimeyaona maisha yangu yote nyuma ya gereji za Karatu.

"Yeyo, hili ni ganda la betri ya gari."

"Nililisugua kwa majivu."

"Risasi haitoki kwa majivu, Yeyo."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Kesho yake tulikwenda hospitali wote. Damu ikachukuliwa, dawa ikasimamishwa, mtoto akalazwa. Majibu yatatoka mbali, tukaambiwa tusubiri. Ee Mungu, kusubiri huko!

Siku ya kurudi Yeyo alinisindikiza kwenye basi. Nilikuwa najiambia kwamba safari imenifunza jambo moja: dawa usiulize mti wake tu, uliza na chombo chake. Begi langu lilikuwa limeshapandishwa juu aliponishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu, Paulina si wa kwanza."

"Unasemaje?"

"Wazazi wote wa boma letu na boma la pili, dawa wanapewa na mimi." Akaanza kuwataja mmoja mmoja, na watoto wao.

Kondakta akapiga bati, twende. Nikamwambia ateremshe begi langu.